Kwa Aliyeziba Dirisha Kabla Yangu

Jina lako silijui. Kwenye karatasi za mauzo
wino umelowa, imebaki herufi moja, K,
na mwaka: themanini na saba.
Lakini leo ni siku ya nne, hapa uwanjani Paimpol,
Louarn ikiwa juu ya miguu yake ya chuma,
tumbo nje, haina aibu,
nami nimeanza kukujua kwa mkono.

Mkono wako, bwana, ni wa mtu mwoga.
Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wewe uliziba ufa kwa ukuta.
Chini tabaka la kijivu, gumu kama kwato.
Juu yake jeusi. Juu ya jeusi
silikoni, ile nyeupe ya bafuni,
isiyopokea rangi, wala gundi, wala toba.

Nilianza na wembe: ukavunjika ncha.
Nikashika kipuliza joto, nikihesabu hadi kumi,
maana kwenye kumi na mbili fibaglasi huanza kunuka
na ngozi ya boti hututumka
kama maziwa yanayotaka kufurika.
Gwenole wa boti ya jirani akaleta waya wa gitaa,
ule mnene, umefungwa vipini viwili vya ufagio.
Tukaupitisha nyuma ya fremu,
yeye ndani, mimi nje,
vuta nikuvute,
hadi fremu ikaachia
kwa sauti ya busu lisilotakiwa.
Gwenole akacheka, akarudi kwenye kahawa yake.

Yaliyobaki ni yangu.
Kwangua. Futa. Kwangua.
Patasi ya plastiki, naichonga upya kwa msasa kila saa,
kwa kuwa chuma hukosea mara moja tu
na kosa lake lina kina.
Masalia yanajiviringa chini ya kidole
kama kamasi kavu, samahani, sina mfano bora,
yananata kwenye soksi, kwenye mkate,
jana nimeyakuta kwenye nywele za Malo.
Nimekutukana kwa Kifaransa.
Nimekutukana kwa Kibretoni cha bibi yangu,
ambacho nakijua kwa matusi na sala tu.

Kisha, saa kumi hivi, maji yameshatoka bandarini,
nikafika kona ya chini, kushoto.
Hapo, kwenye lile tabaka la kijivu, pana mfereji
wa kidole kilicholaza gundi.
Nikaweka cha shahada: hakiingii.
Nikaweka cha mwisho: hakiingii.
Nikamwita Malo. Ana miaka sita.
Chake kikalala mle
kana kwamba kilipimiwa.

Kumbe hukuwa peke yako.
Kumbe kuna mtu alikwambia, na mimi, na mimi,
ukampa kona.
Na kona hiyo ndiyo iliyovuja,
na ndiyo sababu ya jeusi,
na ndiyo sababu ya nyeupe,
miaka yote hiyo ukiziba juujuu,
hutaki kugusa chini.

Sijui. Huenda nimekuzulia.
Huenda ulikuwa na vidole vyembamba tu.

Malo akauliza kama tutauacha.
Nikatazama mbingu: Alhamisi mvua.
Nikatazama ndani, kitanda atakacholala,
godoro lililochorwa ramani na chumvi.
Nikainamisha patasi.

Kipande kikatoka kwa mkupuo mmoja, kizima,
urefu wa njiti ya kiberiti.
Kimo mfukoni mwa ovaroli
pamoja na skrubu mbili nisizojua zilikotoka.

Kesho asetoni, kesho utepe,
kesho bomba jipya.
Ameshaomba kona.
Bado sijamjibu.